UCHAMBUZI: Redio ikinyamaza Garissa, Jua nalo liulizwe

JUMANNE, Novemba 11, 2025, saa saba na dakika nne mchana, Jua likiwa juu ya vichwa vya wakazi wa Garissa, mmweko mkubwa ulizuka usoni mwake. Vyombo vya angani viliupima na kuupa daraja la X5.1, mkubwa kuliko yote iliyopimwa mwaka huo. Papo hapo mawasiliano ya redio za mawimbi mafupi yalivurugika barani Afrika na Ulaya, upande wa dunia uliokuwa umelielekea Jua.

Mitaani hakuna aliyetambua chochote. Mwangaza haukubadilika wala joto halikuzidi lile ambalo watu wa Garissa wamelizoea. Lakini aliyekuwa ameshika redio ya mawimbi mafupi wakati huo, awe Liboi, Hulugho au El Wak, huenda alijikuta akizungumza na kimya. Redio nzima, betri imejaa, eriali imesimama wima, na bado hakuna anayejibu.

Kwingineko kimya kama hicho ni usumbufu tu. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ni suala la usalama. Wanamgambo wa Al-Shabaab wamelipua milingoti ya simu katika eneo hili mara nyingi, na kila inapotokea hivyo wakazi wa karibu hubaki bila simu. Hapo ndipo askari, wahudumu wa misaada na marubani wa ndege ndogo wanaporudi kwenye redio na simu za setilaiti.

Afisa ambaye doria yake haijibu hana budi kuamua upesi. Je, redio imeharibika? Je, vijana wake wameshambuliwa? Ama ni Jua? Swali la tatu ndilo rahisi zaidi kujibiwa, kwa kuwa hali ya Jua hupimwa na kutangazwa bure usiku na mchana. Mwandishi huyu anashuku kuwa ndilo huulizwa mwisho, ikiwa huulizwa kabisa.

Inafaa hapa kutenganisha mambo mawili ambayo mara kwa mara huchanganywa, hata katika vyombo vya habari. La kwanza ni mmweko, kama huo wa Novemba. Mmweko ni mwanga na miale ya eksirei. Husafiri kwa kasi ya mwanga na kutufikia kwa dakika nane hivi, hivyo hakuna awezaye kutuonya kabla haujafika. Miale hiyo huchaji tabaka la chini la ionosfia, nalo likaanza kumeza mawimbi mafupi badala ya kuyaacha yapite hadi juu yakarudishwe ardhini. Athari huwa kali zaidi pale Jua linapokuwa utosini, na mahali pa namna hiyo ni Ikweta, ambayo hupita katika Kaunti ya Garissa yenyewe. Kimya hudumu kwa dakika kadhaa hadi saa moja au mbili.

La pili ni mlipuko wa korona. Neno korona, ambalo Wakenya walilichoka mwaka wa 2020, maana yake ni taji. Virusi vilipewa jina hilo kwa miiba yake, lakini Jua lilikuwa nalo tangu zamani kwa ajili ya utando mweupe unaolizunguka, ambao macho huuona tu Jua linapopatwa kabisa. Mara nyingine sehemu ya utando huo hung'oka na kurushwa angani: mabilioni ya tani za gesi yenye chaji ya umeme, pamoja na sumaku iliyojifunga ndani yake. Wingu hilo likielekea kwetu, lenye kasi kubwa kabisa hufika kwa muda usiotimia siku moja; mengi huchukua siku mbili hadi nne. Huo ndio muda wa kujiandaa ambao vyombo vya angani hutupatia.

Kaskazini mwa Kenya si mgeni katika uchunguzi huu. Jumamosi, Juni 30, 1973, kivuli cha mwezi kilipita kaskazini mwa nchi kuelekea Somalia, na hakikuwa na njia nyingine ya kufika huko ila kuvuka uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Huko Loiyangalani, kando ya ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf, wanasayansi wa High Altitude Observatory ya Colorado, Marekani, walikuwa wamepiga kambi na kamera zao. Walipata dakika chache za giza wapige picha korona. Siku hiyo hiyo, wenzao waliopanda ndege ya Concorde walikimbizana na kivuli hicho hicho kutoka visiwa vya Canary hadi Chad, wakakaa ndani yake kwa dakika 74.

Lakini kulikuwa na mshindani wa tatu. Skylab, maabara iliyorushwa na Marekani Mei 14 mwaka huo, ilikuwa tayari inaizunguka dunia ikiwa imebeba koronagrafu, yaani darubini yenye kisahani kinachoziba uso wa Jua na kuacha ukingo wake uonekane. Chombo hicho kilitengenezwa na taasisi ile ile iliyopiga kambi Loiyangalani. Kuanzia Mei 1973 hadi Februari 1974 Skylab ilirekodi makumi ya milipuko ya korona, jambo ambalo miaka miwili tu kabla ya hapo halikuwa likijulikana vyema. Mlipuko wa kwanza kunaswa na chombo cha angani ulionekana Desemba 14, 1971, kupitia setilaiti ya OSO-7.

Aliyekuwa Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana, Novemba 3, 2013, anaelewa kwa nini wataalamu hawakuridhika na kungojea Jua lipatwe. Watu walisafiri kutoka mbali kushuhudia sekunde chache za giza, na badala yake wengi wakakumbana na upepo wenye mchanga, mawingu na mvua. Angani hakuna mchanga wala mawingu.

Tangu Desemba 1995 chombo cha SOHO, cha Ulaya na Marekani, kimekuwa kikilitazama Jua kutoka umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, mahali ambapo hakuna usiku. India ilipeleka Aditya-L1 eneo hilo hilo Januari 2024. Desemba 2024 chombo cha Parker kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka kwa Jua, ndani ya korona yenyewe. Ulaya nayo ilirusha Proba-3, vyombo viwili vinavyoruka vikiwa vimeachana kwa takriban mita 150, kimoja kikimzibia mwenzake Jua. Kwa maneno mengine, ni kupatwa kwa Jua kwa kuagiza, na picha za kwanza zilitolewa Juni 2025.

Hata hivyo, picha hizo zina upungufu ambao hauna budi kutajwa. Koronagrafu huonyesha kuwa wingu limetoka, ukubwa wake na kasi yake. Haionyeshi sumaku iliyomo imeelekea wapi. Ikielekea kusini, hufungua mlango wa ngao ya sumaku ya dunia na dhoruba huwa kali. Ikielekea kaskazini, wingu lile lile laweza kupita bila madhara makubwa. Mwelekeo huo hupimwa tu wingu linapovipitia vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na wakati huo hubaki dakika 15 hadi saa moja hivi. Kwa hivyo, anayetangaza siku tatu mapema kwamba dhoruba fulani itazima mitambo yote asiaminiwe upesi.

Somo la karibuni ni la Mei 2024. Eneo moja la madoa ya Jua lilifyatua milipuko kadhaa mfululizo, SOHO na wenzake wakaiona, na onyo likatolewa kabla mawingu hayo hayajafika. Usiku wa Ijumaa, Mei 10, dhoruba ilifikia daraja la G5, la juu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003. Siku mbili baadaye, Jumapili, Mei 12, intaneti ilidorora Kenya nzima na katika nchi jirani. Ilikuwa rahisi kwa mtu kujumlisha mambo hayo mawili na kulilaumu Jua. Ukweli ni kwamba nyaya za EASSy na Seacom zilikuwa zimepata hitilafu chini ya bahari karibu na Afrika Kusini. Kuonywa kuhusu Jua kuna faida mbili: kujua linapohusika, na pia kujua lisipohusika.

Je, mkazi wa Garissa ana nini cha kupoteza? Aghalabu mtu akizungumzia dhoruba za Jua hutaja umeme, kwa sababu ya yaliyotokea Quebec, Kanada, Machi 13, 1989, ambapo watu milioni sita walikaa gizani kwa saa tisa. Mfano huo hautufai sana. Quebec iko karibu na ncha ya dunia, ambako mikondo inayoingia kwenye nyaya ndefu huwa mikali kuliko huku kwetu. Nao mtambo wa Garissa wa umeme wa jua, uliozinduliwa Desemba 2019 ukiwa na uwezo wa megawati 50, hutumia mwanga wa kawaida, ambao haupungui wala kuzidi kwa kiasi cha kuhisika kwa sababu ya mmweko.

Hasara ya hapa imo katika mawasiliano na katika kujua mahali ulipo. Eneo hili lilijengwa juu ya redio. Miaka ya tisini, kabla simu za mkononi hazijafika, wakimbizi wa Dadaab na jamaa zao waliwasiliana kwa redio za mawimbi mafupi, ambazo Wasomali waliziita taar. Kwa taar mtu aliuliza kama mama yake yu hai Kismayu, na kwa taar alijulishwa kuwa ametumiwa pesa akazichukue. Simu za mkononi ziliiondoa taar sokoni, ila redio yenyewe haikutoweka. Polisi, mashirika ya misaada na viwanja vidogo vya ndege viliendelea kuiweka kando kwa siku ambayo mlingoti utaanguka.

Halafu kuna GPS. Nzige walipovuka kutoka Somalia na kuingia Mandera Desemba 2019, waliokwenda kuwatafuta walinakili mahali pa kila kundi kwa msaada wa setilaiti, kisha ndege za kunyunyiza dawa zikafuata alama hizo. Wapimaji wa ardhi na malori ya chakula cha msaada hutegemea setilaiti hizo hizo. Ikweta ina tatizo lake la kipekee: baada ya magharibi, ionosfia ya huku hutokota kama uji, na viputo vyake huyumbisha mawimbi ya GPS. Dhoruba ya Jua yaweza kuongeza viputo hivyo, na mara nyingine, ajabu ni kwamba huvizima kabisa. Ndiyo maana utabiri wa Marekani au Ulaya hautoshi wenyewe, na vipokezi vya kudumu vya GPS vilivyowekwa Nairobi na Malindi vina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Hatua zinazohitajika si za gharama. Kenya ina Shirika la Anga za Juu, lililoundwa 2017 na kurusha setilaiti ya Taifa-1 Aprili 2023. Afrika Kusini ina kituo cha Hermanus, ambacho tangu 2022 kimekuwa kikifuatilia hali ya anga za juu saa 24 kwa niaba ya usafiri wa ndege barani. Kinachofaa kuzingatiwa ni kipande cha mwisho cha njia: ujumbe mfupi, kwa Kiswahili na Kisomali, unaomfikia mwendesha redio wa Dadaab au Rhamu kabla hajaifungua redio yake kutafuta kilichoharibika. Ujumbe huo ungemwambia jambo moja la kutenda: wakati wa mmweko, masafa ya chini humezwa zaidi, basi apande masafa ya juu au atumie setilaiti, na ajaribu tena baada ya nusu saa.

Wala tusichukulie kuwa habari hizi zitakuja bure milele. Mnamo 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza bajeti ya sayansi ya NASA ipunguzwe kwa karibu nusu, pendekezo lililozua upinzani bungeni. SOHO yenyewe ilitimiza miaka 30 angani Desemba 2025, ilhali ilipangiwa kazi ya miaka miwili. Marekani ilirusha SWFO-L1 Septemba 2025 ili kuchukua zamu. Atakayekuwa na vipimo vyake mwenyewe, hata vya ardhini tu, hatakuwa kipofu kabisa wengine wakifunga macho.

Kuna wanaosema hatari imepita kwa kuwa wataalamu walitangaza Oktoba 2024 kwamba Jua lilikuwa limefika kilele cha mzunguko wake wa miaka 11. Kumbukumbu zinaonyesha vingine. Mzunguko uliotangulia ule uliopita ulifika kilele kati ya 2000 na 2001, na dhoruba zake kubwa zikaja Oktoba na Novemba 2003, Jua likiwa tayari linatulia. Mmweko wa Oktoba 28 mwaka huo ulikuwa wa daraja la X17, na ulifika kilele saa nane na dakika kumi mchana, saa za Garissa.