Amri Mbili, Neno Moja: Maswali ya Linux Kibera na Kawangware

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, swali lisilojibiwa katika lugha ya muulizaji humfanya ajione mjinga. Hayo ndiyo yanayomkuta kijana wa Kibera au Kawangware anayejifunza kutumia Linux kwenye tarakilishi kuukuu. Hatozwi ada ya leseni, kwani programu hiyo ni huria. Bali hulipia bando za intaneti, na kutoelewa neno moja kwaweza kuzimaliza.

Katika Linux, aghalabu programu hazinunuliwi dukani. Huhifadhiwa katika maghala ya mtandaoni zikiwa zimefungwa kwa pakiti, na msimamizi wa pakiti, ambaye naye ni programu, huzileta, huzisakinisha na kuziondoa. Katika Debian, iliyoasisiwa mwaka 1993, na Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na ambayo jina lake lina mzizi mmoja na "utu" wa Kiswahili, msimamizi huyo huitwa apt.

Maswali ya wanaoanza hufanana kote. Mbona nywila haionekani inapochapwa? Kibodi haijaharibika, herufi hufichwa makusudi, na nywila huombwa kwa sababu kusakinisha ni haki ya mwenye mamlaka juu ya mashine. Mbona programu moja huja na nyingine kumi? Kwa kuwa programu hutegemeana; unga pekee hauleti mandazi pasipo hamira na mafuta. Je, pakiti iliyookotwa kwenye tovuti yoyote yafaa? La, ghala rasmi hutiwa sahihi ya kidijitali, na apt huikagua.

Swali zito zaidi linahusu amri mbili: "apt update" na "apt upgrade". Ya kwanza huleta orodha mpya ya yaliyomo ghalani. Haibadilishi programu hata moja. Ya pili hupakua matoleo mapya ya programu zilizomo kwenye mashine, na huenda ikameza mamia ya megabaiti. Kabla ya kupakua, apt hutaja ukubwa wa mzigo na kuomba idhini; asiyeelewa ujumbe huo hubonyeza tu. Katika Kiswahili, "sasisha" huweza kutumiwa kwa amri zote mbili. Anayeambiwa "sasisha" hajui kama anaagiza orodha au shehena nzima. Afadhali kusema "huisha orodha" na "pandisha matoleo". Aidha, "pakiti" yafaa kuliko "kifurushi", neno ambalo tayari limezoeleka kwa maana ya bando.

Wapo wanaodai kwamba, kwa kuwa amri zenyewe ni za Kiingereza, mtumiaji hana budi kujifunza kila kitu kwa Kiingereza. Hoja hiyo haina mashiko. Amri ni chache na hukaririwa upesi. Kinachohitaji lugha ni maelezo ya kile zinachotenda.

Wataalamu wa Kiswahili hawajalala. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kibera kwenyewe, vijana walianza kuchora ramani ya mtaa wao mwaka 2009 kupitia Map Kibera, wakitumia OpenStreetMap. Uwezo upo na istilahi zipo. Linalohitajika ni miongozo inayoanzia kwenye swali la mtumiaji badala ya orodha ya istilahi.

Vyama vya Kiswahili vyuoni na viwafuate watumiaji mitaani, vikusanye maswali yao kama yanavyoulizwa, Sheng ikiwemo, viyajibu kwa Kiswahili fasaha, kisha viwape waulizaji wenyewe majibu hayo wayakosoe kabla istilahi hazijaingizwa kamusini. Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi nchini Kenya. Hadhi hiyo itamfaa nini kijana wa Kawangware iwapo mashine yake itaendelea kumwomba idhini kwa lugha asiyoielewa, naye aitikie "ndiyo" kwa kubahatisha?