UDONGO WA VITALU USAFISHWE, NA MFANYA KAZI ALINDWE

Ndugu Wanachama,

Wako watakaouliza: watu wa reli wana shauri gani na vitalu vya miche? Twajibu kwamba tuna shauri kubwa. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 ili zipatikane kuni za kuendeshea magari ya moshi. Tena sisi wa njia ya reli twazijua dawa za kuua majani, kwa maana tuta lisipong'olewa majani hunyunyiziwa dawa. Mtu abebaye pampu mgongoni kando ya mataruma, na mama ajazaye udongo kwa mikono mitupu katika mifuko ya miche, hao ni ndugu katika hatari moja.

Neno letu ni hili. Udongo ulioingia sumu waweza kusafishwa na vijidudu vilivyomo udongoni, na kazi hiyo yafaa idaiwe na wafanya kazi. Lakini ifanywe kwa kipimo, mbele ya macho yetu, wala isiwe kisingizio cha kuendelea kumwaga sumu.

Kwanza tujue sumu iliingiaje. Kwa miaka mingi katika nchi nyingi za Afrika, udongo wa vitalu ulichanganywa na aldrini au dieldrini ili mchwa wasile mizizi ya mikaratusi michanga. Aldrini ikikaa udongoni hugeuka kuwa dieldrini, nayo dieldrini hudumu miaka mingi. Ndiyo sababu zote mbili ziliandikwa katika sumu 12 za kwanza za Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001, ambayo Kenya iliyathibitisha mwaka 2004. Lakini mapatano hukataza kutengeneza, kuuza na kutumia. Hayaondoi kile kilichokwisha kuingia ardhini. Karatasi haifagii udongo.

Sasa tutazame wale wafagiaji. Katika udongo mzuri wa kujaza mkono mmoja mna vijidudu vingi kuliko watu wote wa dunia. Wengi wao hula majani makavu na mizizi iliyooza. Wachache wamejifunza kula hata dawa zetu. Mwaka 1995 wataalamu wa Minnesota, Marekani, walieleza juu ya bakteria waliyempata mahali palipomwagika dawa ya majani. Huyu huila atrazini ili apate nitrojeni yake, akaivunja hatua kwa hatua mpaka ikabaki hewa ya ukaa na amonia. Huweza kuivunja pia simazini, dawa ya jamii hiyo hiyo ambayo imetumiwa sana katika vitalu vya miti.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani tu. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba bakteria wa jamii ya Arthrobacter, mwenye kula atrazini, amepatikana katika udongo wa mashamba ya miwa hapa Kenya. Maana yake ni kubwa. Mahali sumu ilipotumiwa mwaka baada ya mwaka, ndipo huzaliwa vijidudu vya kuila. Si lazima tungojee chupa ya bei ghali kutoka ng'ambo. Mara nyingine mfanya kazi anayetakiwa yumo kazini tayari, ila hapewi posho yake.

Na posho yake ni nini? Ni maji ya kiasi, hewa, joto na mboji. Udongo uliokauka kama tofali, kazi imesimama. Udongo uliofurika maji hukosa hewa, na bakteria mla atrazini hushindwa kufanya kazi ipasavyo. Kwa hiyo udongo mchafu huchimbwa, hulundikwa juu ya sakafu isiyovuja, huchanganywa na mboji, hunyunyiziwa maji, kisha hupinduliwa kila baada ya muda. Mara nyingi kijidudu kimoja hakimalizi kazi peke yake. Ni kama genge la njia: huyu hulegeza, yule hung'oa, mwingine hubeba. Ukimwondoa mmoja, taruma halitoki.

Hata hivyo hatutaki kudanganyana. Si kila sumu huliwa upesi. Dieldrini ni shupavu. Hata vijidudu vijitahidi vipi, huiondoa polepole sana. DDT nayo, mahali pasipo hewa, huvunjwa ikawa DDD, ambayo bado ni sumu. Basi nyapara akituambia, "Harufu imekwisha, ingieni kazini," tusikubali. Pua si mzani. Udongo upimwe kabla ya kazi na upimwe baada yake, na kinachopimwa kisiwe ile dawa ya kwanza tu, bali na vile ilivyogeuka. Ikionekana sumu ni ile shupavu, mahali hapo pazungushiwe ua, watu wapewe udongo mwingine wa kujazia, asiachwe mtu pale eti vijidudu vitamaliza baadaye.

Tena kuna sumu ya kila siku, ile ya kuoshea pampu. Maji yale humwagwa papo hapo karibu na mfereji, kila jioni, mwaka mzima. Huko Uswidi walianza mwaka 1993 kutengeneza shimo la kazi hiyo, lenye kina cha kama sentimita 60. Chini huwekwa udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye. Juu yake hutiwa mchanganyiko: nusu ni majani makavu ya ngano, robo ni udongo mweusi wa kinamasi, na robo ni udongo wa shamba. Juu kabisa hupandwa nyasi. Kuvu inayoozesha yale majani makavu huvunja na dawa pia. Shimo la namna hii si mashine ya kuagizwa kwa meli. Fundi wa kawaida na vibarua wawili waweza kulichimba, na vitu vya kulijaza vitafutwe humu humu nchini, vijaribiwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Matajiri wengine watasema gharama ni kubwa. Twawauliza: gharama ya nani? Mama wa kitalu akiugua, gharama hulipwa na nyumba yake. Udongo ulichafuliwa katika kazi ya tajiri, na faida ya miche ilikuwa yake. Kusafisha ni sehemu ya kazi hiyo, si sadaka.

Jambo hili halifai kungojea. Mwishoni mwa mwaka 2022 Serikali ilitangaza mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Miti hiyo yataka vitalu, na vitalu vyataka mikono. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka iwepo kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Kamati hizo zisiwe za kunywa chai tu. Na palipo na watu wachache, au vibarua watupu, mjumbe wa chama aende akaulize.

Aulize mambo manne. Dawa gani zilitumiwa hapa tangu zamani? Udongo umepimwa, na majibu yako wapi? Maji ya kuoshea pampu huenda wapi? Nao wafanyao kazi ya kusafisha wamepewa glavu, viatu na maji ya kunawa?

Ndugu, vijidudu hawana chama, lakini hufanya kazi kwa umoja na hudai chakula chao kwanza. Sisi tulio na chama tusishindwe kudai udongo safi.

Umoja ni nguvu.