Fimbo, Mimba na Mtoto "Mzito": Majibu kwa Watetezi wa Shule ya Hofu Katavi

Kikao cha wazazi kikigusa nidhamu, kiwe Mpanda mjini, Karema au Majimoto, hoja zinazotolewa ni zilezile na mmekwisha kuzisikia: watoto wa siku hizi wamedekezwa, haki za watoto zimeua shule, na wanaotaka shule inayomlea kila mwanafunzi hawajawahi kusimama mbele ya darasa lililojaa. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi ni walimu waliotumika miaka mingi na wazazi wanaouza mpunga ili mtoto apate sare. Kwa hiyo nitazieleza hoja zao kama wao wenyewe wanavyozieleza, nitazijibu, na nyinyi wasomaji mtaamua.

Hoja ya kwanza: sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Ni kweli kwamba viongozi, walimu na wafanyabiashara wengi wa leo walipita chini ya fimbo na wakasoma. Lakini angalieni ni nani anayetoa ushahidi huo. Ni wale waliobaki shuleni. Aliyekimbia bakora ya hesabu darasa la nne akaishia kuchunga ng'ombe wa watu hakai meza kuu kikaoni na haulizwi fimbo ilimfanya nini. Kisha watu haohao wanatuambia kwamba nidhamu imeporomoka. Imeporomoka vipi wakati fimbo haijawahi kuondoka? Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011, ulikuta takriban nusu ya vijana wa kike na wa kiume waliohojiwa wakisema walifanyiwa ukatili wa kimwili na walimu utotoni. Kama fimbo hujenga nidhamu, kizazi hicho kilipata ya kutosha. Kama nidhamu imekufa, imekufa fimbo ikiwa mkononi mwa mwalimu. Watetezi wake wachague moja.

Hoja ya pili: sheria inaruhusu. Naam, inaruhusu, na hapa nawaomba waisome. Kanuni za adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002, zinasema viboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu au yanayoivunjia shule heshima. Visizidi vinne kwa mara moja. Mkuu wa shule ndiye anayechapa, au mwalimu aliyeidhinishwa naye. Umri, jinsia na afya ya mtoto viangaliwe, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sasa mpimeni mtoto aliyechelewa kwa sababu ametembea kutoka kijiji cha pili, aliyekosa jibu la kuzidisha, au darasa zima linalochapwa kwa kelele za wawili. Lipi hapo ni kosa kubwa? Limeandikwa katika kitabu gani? Anayeegemea kanuni hizi amekubali, apende asipende, kwamba viboko vingi vya kila siku haviruhusiwi. Mimi nataka vifutwe kabisa, lakini hata asiyetaka hivyo hana haki ya kuitaja sheria asiyoifuata.

Hoja ya tatu inavuka mpaka: Kenya ilipiga marufuku viboko mwaka 2001, na sasa wanafunzi wanachoma mabweni. Huu ndio mfano wanaoupenda zaidi, na tarehe zinaukanusha. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne chumbani mwao na kuwachoma moto hadi kufa. Marufuku ilikuwa bado haijaja. Shule zilizochapa hazikuokolewa na fimbo, hivyo moto huo hauwezi kubebeshwa kukosekana kwa fimbo.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote, na sitaipitia haraka. Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipokuwa bila ada, madarasa yamefurika. Mwalimu mmoja, watoto wengi kupita kiasi, madawati machache: atamlea nani? Nakubaliana na nusu ya hoja hii bila masharti. Serikali inawadai walimu wa Katavi uvumilivu huku yenyewe ikidaiwa vyumba na walimu wenzao, na anayehubiri upendo shuleni bila kudai ajira za walimu anawaonea. Lakini hitimisho lao halifuati. Fimbo haipunguzi mtoto hata mmoja darasani isipokuwa kwa kumfanya mtoro, na utoro ndio tunaoulalamikia. Kumwita mtoto kwa jina, kuuliza kwa nini hakuja jana, kuwazuia wenzake wasimcheke akikosea, kuwakalisha makundi ili anayejua amwelekeze asiyejua: hayo hayahitaji fungu kutoka Dodoma. Wala njia za namna hii si ngeni kwetu. Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWAWA, ulisambazwa na mpango wa EQUIP-Tanzania, ambao baadaye ulifika Katavi. Mpango huo ndio ulioanzisha pia klabu za wanafunzi za JUU, yaani Jiamini Uwezo Unao. Sasa mpango wa Shule Bora unafanya kazi hapa na katika mikoa mingine minane. Mambo haya yalibuniwa kwa ajili ya shule za serikali kama zetu, zikiwamo zilizofurika. Kusema yanafaa tu pale penye nafasi ni kutosoma yalikotoka.

Hoja ya tano husemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo inayoniuma: wapo watoto wazito, hata ufanye nini. Mtazameni huyo mzito ni nani. Mara nyingi ametoka Katumba au Mishamo, makazi yaliyopokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao wengi wao leo ni raia wa Tanzania, na nyumbani anazungumza Kirundi. Au ni mtoto wa wafugaji Wasukuma waliohamia Mlele na Mpimbwe, aliyekutana na Kiswahili kwa mapana siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Anajua kuhesabu mifugo ya baba yake na kumtambua ndama aliyepotea kati ya mamia. Darasani haelewi swali, ananyamaza, anachapwa kwa kunyamaza, anajifunza kunyamaza zaidi. Akivuka hadi kidato cha kwanza lugha inabadilika tena kuwa Kiingereza, na sasa hata yule aliyeitwa hodari darasa la saba anaitwa mzito. Akili yake ilipotelea wapi katika likizo moja? Hoja inayomhukumu mtoto kwa lugha aliyozaliwa nayo haijapima uwezo wake hata kidogo.

Ya mwisho: binti aliyejifungua akirudi darasani atawaharibu wenzake. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 umeruhusu arudi, lakini minong'ono haijakoma. Wanadai kwamba kumwondoa kunawatisha wengine. Haya, tuupime utisho huo hapahapa. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Wakati huo kufukuzwa kulikuwa jambo la kawaida. Utisho ulifanya kazi kwa nguvu zake zote na haukuzuia kitu.

Ulichofanya ni kingine. Tangu 2016 sheria inampa anayempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Kesi hiyo inamhitaji binti aseme. Binti anayeogopa kwamba akisema atapoteza shule, na akirudi atachekwa, ataficha, na familia itamaliza mambo kwa ng'ombe wawili. Wanaodai kulinda maadili ya shule kwa kumtenga wanamlinda mwanamume aliyemharibia, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kueleza kikaoni jinsi anavyokusudia kumpata mtuhumiwa bila shahidi.

Kikao kijacho cha shule yenu, kabla hamjamsikiliza tena anayetetea fimbo, ombeni mambo mawili yawekwe mezani: kitabu cha adhabu kinachotakiwa na kanuni za 2002, na idadi ya mabinti waliorudi darasani tangu waraka wa 2021. Kisha mwacheni aendelee na hoja yake.