Mangungo wa Msovero na Urithi wa Darasani

Imekuwa desturi katika vyuo vyetu vikuu kumsifu mwanafunzi aliyegundua asili yake darasani. Huingia mwaka wa kwanza akiona haya kutaja kwao. Akiisha kusoma kozi moja ya fasihi simulizi au ya historia, hutoka akisema kwa fahari kuwa yeye ni Msagara, au Mvidunda, au Mkaguru. Nasi walimu wake hufurahi, tukajipa heshima ya waganga waliomfumbua kipofu macho. Nakusudia kuipinga furaha hiyo, na sina budi kuanza na nafsi yangu, maana nami nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo.

Nilizaliwa Kilosa, na likizo zangu nilizimaliza Mikumi kwa bibi yangu mzaa mama. Katika sekondari tulisomeshwa habari za Mangungo wa Msovero, mtawala aliyetia alama yake katika hati ya Mjerumani. Darasa zima lilicheka, nami nilicheka kuliko wote. Hapana aliyetuambia kwamba Msovero, ambayo leo huandikwa Msowero, imo katika wilaya yetu wenyewe, na kwamba huenda tunamcheka babu wa jirani. Hata leo, kila mkataba wa taifa unaoshukiwa huitwa mkataba wa Mangungo, na anayesema hivyo hudhani amesema jambo la hekima.

Chuo kikuu ndicho kilichonionyesha jambo lilivyokuwa. Carl Peters alifika Usagara mwezi wa Novemba 1884 pamoja na Karl Jühlke na Joachim von Pfeil, akakusanya hati katika majuma machache tu. Hati ya Msovero ilidai kwamba mtawala yule ameitoa nchi yake yote. Iliandikwa kwa Kijerumani, na katikati yao alisimama mkalimani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizopatikana kwa karatasi za jinsi hiyo. Mtu hawezi kuuza kwa maneno asiyoyafahamu. Basi mjinga alikuwa nani, na mlaghai nani? Peters, tusisahau, alikuwa na shahada ya udaktari, kama niliyo nayo mimi.

Katika kozi hiyohiyo tulipewa kitabu cha T. O. Beidelman juu ya Wakaguru, kilichotoka mwaka 1971. Ni kazi ya mtu mwangalifu, wala simlaumu. Humo nilisoma, kwa Kiingereza, kwamba ukoo hufuatwa kwa upande wa mama na kwamba mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Niliandika insha, nikapata alama nzuri, nikaenda Mikumi kumweleza bibi kama mtu aletaye habari kutoka ng'ambo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mambo hayo huyo Mzungu aliambiwa na nani?" Nikajibu, "Na wazee, bibi." "Na wazee hao walikisoma kitabu?" Sikuwa na jibu, na tangu siku ile sijalipata.

Wenzangu hupenda methali isemayo mwacha asili ni mtumwa, wakamtwisha kijana lawama. Lakini kijana wa Kilosa hakuacha kitu. Alifundishwa kucheka, tena kwa mitihani; halafu sisi tuliomfundisha tunamuuzia kile alichokichekea, tena kwa ada.

Baya zaidi ni njia tunayoitumia. Mwanafunzi hutumwa kijijini na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mzee hutia kidole katika wino, akatoa ngano, nasaba na majina ya mizimu. Tasnifu hupelekwa maktaba, na mzee haioni kamwe. Nauliza: fomu hiyo ina tofauti gani na karatasi ya Msovero? Nitaambiwa kwamba nia ni njema. Peters naye aliita jambo lake urafiki.

Wako watakaosema kwamba mafundisho haya yataamsha ukabila. Hofu hiyo si ya kudharau, hasa Kilosa, ambako reli na mashamba ya mkonge ya Kimamba yaliwaleta watu wa makabila mengi, na wajukuu wao ni wenyeji kama mwenyeji yeyote. Lakini hoja hiyo yataka kozi iwe pana, isiwe ya kabila moja. Haitaki kozi ifutwe. Mjukuu wa mkata mkonge naye ana bibi wa kumwuliza.

Nataka jambo moja. Kazi yoyote ya kozi iliyochukuliwa kwa wazee isipewe alama mpaka isomwe mbele yao, kwa Kiswahili au kwa lugha yao, nao wapate nafasi ya kuisahihisha, na masahihisho yao yaandikwe ndani yake kwa majina yao wakitaka. Mkuu mmoja wa idara aliniambia kwamba hakuna fedha ya kumrudisha mwanafunzi kijijini. Nilimwuliza nauli ya kwenda kuchukua ilitoka wapi.