Hofu ya Rejesho na Wajibu wa Nyumba za Ibada

Hofu ya fedha inayowakosesha usingizi vijana wa wilaya ya Misungwi haitokani na uchache wa kipato peke yake, bali zaidi na kutopatana kwa siku deni linapodaiwa na siku fedha inapoingia mkononi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi inapong'aa uvuvi hudorora, hata msichana anayeishi kwa kuanika dagaa mwaloni huuza vizuri kwa majuma machache kisha akakaa karibu bure. Mpunga nao una msimu wake. Lakini rejesho, yaani kiasi ambacho mkopaji hulipa kwa awamu, hudaiwa kila juma bila kujali mwezi wala mvua. Aliyebanwa hivyo hukopa kwingine ili alipe kwa kwanza, na ndipo anapoangukia ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Riba ya asilimia 20 kwa mwezi juu ya shilingi 100,000, ikilipwa hiyo riba tu kwa miezi 6, humla mkopaji shilingi 120,000, na laki ya awali ingali inadaiwa yote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Ilifanya vyema, ingawa tangazo halimwondolei deni aliyekwisha kukopa.

Wilaya hii, ambamo wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe waliweka misheni yao Bukumbi tangu 1883, na ambamo adhana husikika pia, haikupungukiwa mafundisho ya dini kuhusu madeni. Ilichopungukiwa ni kuyatumia kama kanuni za hesabu. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, huagiza deni la muda liandikwe mbele ya mashahidi, na mdaiwa mwenye dhiki apewe nafasi. Injili ya Luka humtaka ajengaye mnara akae kwanza apige gharama. Tena zaka ya Kiislamu haimlazimu asiyefikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali, na miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahili kuipokea wamo wenye madeni; basi kijana anayedaiwa asilifiche deni lake msikitini kana kwamba ametenda aibu, kwa kuwa ukimya huo ndio unaomkuza mkopeshaji wa riba. Mhubiri naye anayemshawishi kijana kutoa fedha ya rejesho kama mbegu ya muujiza hamfundishi imani, anamwongezea deni.

Chombo cha kuyatendea kazi mafundisho haya kipo tayari. Katika vikundi vya hisa, ambamo wanachama huweka akiba na kukopeshana wenyewe, kasha huwa na kufuli tatu na funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali, fedha ikahesabiwa mbele ya wote. Na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 huvitambua vikundi vya jamii katika daraja la nne. Yafaa jumuiya ndogo ndogo za parokia na kamati za misikiti ziwaite vijana, kila mmoja aandike madeni yake yote katika daftari moja pamoja na miezi anayopata na anayokosa, kisha waunde vikundi vyao, vile vya Waislamu bila riba, na katiba itamke kwamba rejesho la wachuuzi wa dagaa hulipwa giza linapokwisha na mzigo umeuzwa, si kila Jumatatu.