Amri ya Tano na Bunduki ya Nyumbani

Kila inapotangazwa habari ya watoto kupigwa risasi shuleni katika nchi hii ya Marekani, sisi wachungaji wa sharika zinazoabudu kwa Kiswahili huwa tunafanya jambo moja tunalolijua vizuri. Jumapili inayofuata tunawataja wafiwa katika maombi ya kanisa, tunasimama kimya kidogo, kisha tunaendelea na matangazo. Hatukosei kuomba. Tunakosea tunapoketi baada ya Amina kana kwamba kazi imekwisha.

Tunaandika haya kwa ukali, na ukali huo unaanza na sisi wenyewe. Baadhi ya washarika wetu walizikimbia bunduki kule Kivu, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kupokelewa hapa. Wengine tulitoka Tanzania na Kenya kwa masomo na kazi. Leo watoto wetu wanafundishwa darasani kuzima taa, kufunga mlango na kujikunyata pembeni bila kutoa sauti. Wakirudi nyumbani tunawauliza habari za alama za mtihani. Na tukikutana nje baada ya ibada tunaambiana, "Haya ni mambo ya Wamarekani." Hapana, wapendwa. Mtoto tuliyembatiza sisi, anayepanda basi la njano kila asubuhi, ni wetu. Na shule anayokwenda ni yetu.

Tarehe 27 Agosti 2025, hapa Minneapolis, watoto wa shule ya Kikatoliki ya Annunciation walikuwa katika Misa ya wiki yao ya kwanza ya masomo. Mtu mmoja alisimama nje akawafyatulia risasi kupitia madirisha. Watoto wawili waliuawa, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 10, na wengine wengi walijeruhiwa. Walikuwa kanisani. Walikuwa wanaomba. Basi asije mchungaji yeyote kuwaambia wazazi kwamba dawa ya jambo hili ni kuongeza maombi peke yake.

Nchi hii imegawanyika pande mbili zinazopigiana kelele, na kila upande una washarika wetu ndani yake.

Upande wa kwanza unasema: wekeni walinzi wenye silaha, wapeni walimu bastola, imarisheni milango. Tusiwadharau wanaosema hivyo. Wengi wao ni wazazi wenye hofu ya kweli. Lakini tuyatazame yaliyotokea. Sandy Hook, mwaka 2012, mlango wa shule ulikuwa umefungwa. Muuaji alipiga risasi kioo kilichokuwa kando yake akaingia, na watoto 20 na watu wazima 6 wakafa. Parkland, mwaka 2018, askari mwenye silaha alikuwapo shuleni lakini hakuingia katika jengo. Watu 17 waliuawa. Uvalde, mwaka 2022, walifika maaskari zaidi ya 370, na ikapita zaidi ya saa moja kabla hawajaingia katika darasa alimokuwa muuaji. Watoto 19 na walimu 2 walikufa. Mlango ufungwe, ndiyo. Mlinzi awepo, ndiyo. Lakini hapo ni mwisho wa njia, na anayetegemea mlinzi peke yake ameshakubali kwamba bunduki itafika mpaka getini.

Upande wa pili unasema: ziondolewe bunduki zote, na kila mwenye nayo ni mshiriki wa mauaji. Hao nao tunaielewa hasira yao. Lakini katiba ya nchi hii inalinda haki ya kumiliki silaha, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ilithibitisha haki ya kuwa nayo nyumbani. Tena tunawajua majirani zetu wanaokwenda kuwinda paa kila Novemba na kutuletea nyama. Kumwita mtu huyo muuaji ni kumshuhudia uongo, na Amri ya Nane inakataza. Zaidi ya hayo, anayesubiri bunduki zote ziishe nchini ndipo achukue hatua amejipatia udhuru wa kukaa bure maisha yake yote.

Sisi tunauliza swali ambalo pande zote mbili hulipita haraka: bunduki inayoingia shuleni hutoka wapi? Mwaka 2019 Idara ya Secret Service ya Marekani ilitoa uchunguzi wake kuhusu mashambulizi shuleni. Miongoni mwa washambuliaji waliotumia bunduki, takriban robo tatu waliipata nyumbani kwa mzazi au ndugu wa karibu. Haikutoka kwa magendo wala kwa majambazi. Ilitoka chumbani kwa baba.

Mfano wa Oxford, Michigan, unatosha. Novemba 2021 baba alimnunulia bastola mwanawe wa miaka 15. Siku nne baadaye, asubuhi, walimu waliona michoro ya kutisha aliyoichora kijana huyo pamoja na maneno ya kuomba msaada. Wazazi waliitwa shuleni. Hawakumchukua kurudi naye nyumbani, na hakuna aliyelifungua begi lake. Siku hiyohiyo aliua wanafunzi wanne. Mwaka 2024 mahakama iliwatia hatiani baba na mama, na kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Kwa maneno mengine, serikali imesema jambo ambalo kanisa lilipaswa kulisema mapema.

Maana Maandiko yamelisema zamani. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Hata hivyo anahesabiwa damu, kwa sababu alijua hatari akaiacha wazi. Ndivyo Luther alivyotufundisha kuisoma Amri ya Tano katika Katekisimo Ndogo tuliyoikariri wakati wa kipaimara: haitoshi kutomwua jirani; tunadaiwa kumlinda na kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake. Tuache basi kujifariji kwa msemo wa "ajali haina kinga". Kinga ya ajali hii ni kufuli, nalo vituo vingi vya polisi hulitoa bure.

Hapa tuungame kosa letu. Mama mmoja wa usharika alitujia akasema mumewe ameweka bastola chini ya godoro, na watoto wanajua. Tukamwambia, "Mama, tuombe." Tukaomba. Wiki mbili baadaye akarudi: "Mchungaji, maombi tumefanya. Sasa nani atamwambia baba?" Tuliona aibu, kwa sababu jibu lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Tulikwenda na mzee wa usharika, tukanywa chai, tukazungumza na yule baba kwa heshima. Hakufurahi. Alisema silaha iliyofungwa haimsaidii mtu mwizi akija usiku. Tukamwonyesha kwamba yapo masanduku ya chuma yanayofunguka kwa namba kwa sekunde chache, na kwamba mtoto yupo nyumbani kila siku, lakini mwizi huenda asije kamwe. Mwishowe alinunua sanduku.

Njia ya katikati tunayoitetea haina maana ya kuwapa pande zote nusu nusu ili zinyamaze. Maana yake ni kila mtu kubeba mzigo ulio wake. Mwenye bunduki aifunge, na risasi aziweke mbali. Sheria ya Minnesota inamtia hatiani anayeacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia. Mzazi amuulize mwenyeji, kabla mtoto hajakwenda kulala kwa rafiki, kama kuna bunduki na kama imefungwa. Tukiweza kuuliza habari za mbwa mkali, tunaweza kuuliza na hili. Mwalimu wa shule ya Jumapili amsikilize mtoto anayesema maneno ya kukata tamaa au ya kulipiza kisasi, asiyaite utoto. Na sheria itumike: tangu Januari 2024 jamaa wa karibu au polisi wa jimbo hili wanaweza kuiomba mahakama izuie kwa muda silaha za mtu anayeelekea kudhuru wengine au kujidhuru. Jambo hilo la kujidhuru ni kubwa. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua. Kufuli linalomlinda mtoto linamlinda pia baba aliyepoteza kazi na hajamwambia mtu.

Wapo watakaosema kanisa lisiingie siasani. Mwezi mmoja baada ya Uvalde, wabunge wa vyama vyote viwili walipitisha sheria ya kuwachunguza zaidi wanunuzi wa silaha walio chini ya miaka 21 na kutoa fedha kwa afya ya akili shuleni. Kama wanasiasa waliweza kukaa meza moja, sisi tunaokula mkate mmoja tunaogopa nini?

Na asiseme mtu kwamba wauaji ni watu wa mbali. Juni 2015 watu tisa waliuawa katika somo la Biblia kwenye kanisa la Emanuel, Charleston. Kijana aliyewaua alikuwa mshiriki wa usharika wa Kilutheri. Wawili kati ya waliouawa walisoma katika seminari ya Kilutheri. Muuaji alikuwa wetu, na waliouawa walikuwa wetu.

Kwa hiyo Jumapili ijayo tutaomba tena, na tutaomba kwa machozi. Lakini baada ya Amina tutawaomba wazee wa kila jumuiya wapite nyumba kwa nyumba na swali moja. Walio nayo wasione haya kujibu, na wasio nayo wasijivune. Tukifika mlangoni kwako, tukaribishe. Tutaanza kubisha hodi nyumbani kwetu wachungaji.