Kolwezi: ADN ya watoto wa Kasulo, na kipimo kinachopima kipimo

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo yaliyoshtua wengi. Wakaaji wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako raia walichimba kobalti hadi ndani ya viwanja vyao, walikuwa na madini hayo kwa wingi katika damu na mkojo kuliko watu wa eneo la jirani. Kwa watoto, kulionekana pia dalili za kuharibika kwa vinasaba, yaani ADN.

Utafiti ulilinganisha makundi mawili kwa njia ileile, kwa hiyo tofauti hiyo ina uzito. Shida inaanza pale mtu anapotaka kuiweka nambari ya maabara moja kando ya ile ya maabara nyingine, au mbele ya hakimu. Wachimbaji wa Kolwezi wanaijua shida hii: wanalalamika kila siku kwamba kifaa cha mnunuzi kwenye depo kinasoma kobalti kidogo kuliko iliyomo ndani ya gunia.

Kwa ADN ni vigumu zaidi. Kipimo kinachotumika sana kwa seli, kiitwacho kometi, kilianzia Sweden mwaka 1984. Seli huwekwa ndani ya jeli, huyeyushwa ngozi yake kwa kemikali, kisha umeme hupitishwa. Vipande vya ADN vilivyokatika husogea na kuacha mkia, kama nyota yenye mkia. Mkia ukibeba ADN nyingi, uharibifu ni mkubwa. Lakini ukibadilisha kidogo uzito wa jeli, nguvu ya umeme au muda, mkia nao unabadilika. Maabara za Ulaya zilipogawiwa sampuli zilezile, majibu yalitofautiana. Tofauti ilipungua zilipotumia seli za rejea, zilizopigwa mionzi ya kiwango kinachojulikana.

Kutengeneza seli hizo ni kazi. Seli hai hujitibu: ukiziacha kwenye joto la mwili baada ya mionzi, sehemu kubwa ya mikatiko hujifunga kabla ya saa moja kwisha. Basi lazima zigandishwe haraka, na kugandisha vibaya kwenyewe kunakata ADN. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, imejaribu njia nyingine: seli zinazoharibiwa makusudi kwa kemikali, kwa dozi inayopimwa.

Watoto wa Kasulo walipimwa mkojo, si seli. Hata huko, vifaa vya kingamwili huwa vinasoma juu kuliko mashine zinazotenganisha kemikali. Wakili wa kampuni hatahitaji kukana vumbi. Atauliza tu kipimo kilisawazishwa na nini.

Na maabara ya Lubumbashi ikitaka kufanya kometi yake? Seli za rejea zingepaswa kufika zikiwa barafu, na kukaa ndani ya friza ya digrii 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku kucha bila jenereta, asubuhi hakuna anayeweza kusema tena ADN yake imekatika kiasi gani.